Shangani Haikuota na Karanga

Kuna neno limesemwa mara nyingi mpaka limefanywa kuwa ni elimu. Neno lenyewe ni kwamba Mtwara ni mji wa karanga. Kwamba kabla ya Waingereza kuja na mpango wao baada ya Vita Kuu ya Pili hapakuwa na kitu hapa ila pori na vibanda vichache vya wavuvi. Na kwamba Shangani, mtaa ule wa pwani wenye viwanja vipana na miti ya kivuli, ulizaliwa siku Mzungu alipokunjua ramani yake mezani. Neno hili limeandikwa katika vitabu vya watalii, limeingia katika hotuba za wakubwa, na linalosikitisha zaidi ni kuwa limeingia vinywani mwa watoto wetu wenyewe, ambao babu zao wamezikwa katika pwani hii hii.

Sisi twasema neno hili si kweli. Na twasema zaidi ya hapo: lina madhara. Kwani anayetaka kuchukua mahali pa watu huanza kwa kusema kuwa hapana watu. Na pahali palipokwisha andikwa kuwa palikuwa patupu, hata mjukuu wa aliyekuwapo akija leo kudai njia ya kushukia pwani, huulizwa: "Wewe ulikuwa wapi?"

Lakini tusimnyime mtu haki yake, hata tukiwa twamjibu. Mambo ya karanga yalikuwapo, na ni haya. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Bwana mmoja mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, Frank Samuel, akaipelekea serikali yake shauri la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Ikatumwa tume chini ya John Wakefield, ikatazama nchi kwa haraka haraka, ikarudi na sifa tele. Zikachaguliwa sehemu tatu katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ya Nachingwea ilihitaji bandari, na bandari ya Lindi haina kina cha kutosha meli kubwa. Ndipo jicho likaangukia Mtwara, ambayo Mwenyezi Mungu ameijaalia ghuba yenye kina kirefu na mlango uliokingwa na bara ya Msangamkuu.

Yaliyofuata yajulikana. Mvua haikunyesha kama ilivyoandikwa katika makaratasi, udongo ukawavunjia majembe, matrekta yakalala. Mpango ukafutwa Januari 1951, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36 za Waingereza. Gati la Mtwara lenye urefu wa mita 385 likamalizika mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya karanga zenyewe kuzikwa. Reli ya kwenda Nachingwea ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Leo ukimwambia mtoto wa Mtwara kuwa mtaa wa Reli waitwa hivyo kwa sababu ya gari la moshi, hukutazama usoni akidhani wamfanyia mzaha.

Basi huu ndio mpango unaoitwa mzazi wa mji wetu! Ulikaa miaka minne au mitano, ukashindwa kuotesha karanga, lakini ati uliweza kuotesha watu.

Hebu tuwatazame wasemao. Wenyewe, katika sentensi ile ile moja, husema kuwa hapakuwa na kitu, kisha husema kuwa palikuwa na wavuvi. Je, mvuvi si mtu? Kijiji cha wavuvi si kitu kidogo. Palipo na wavuvi pana kisima cha maji baridi, kwani hakuna anayekaa pwani bila maji ya kunywa. Pana minazi, na mnazi wa kienyeji hauzai kabla ya miaka sita au saba, basi aliyeupanda alikuwa hapiti njia. Pana mahali pa kupandisha vyombo, pana pahali pa kusalia, na pana makaburi. Pana na habari za nani alimwoa nani, na bahari ya nani yaishia mwamba upi. Hayo yote Mzungu aliyakuta, akayakusanya, akayatia katika neno moja: "vibanda".

Na jina lenyewe je? Shangani si neno la Kiingereza, wala halikuja na meli ya matrekta. Unguja mjini pana Shangani, pwani kabisa. Mogadishu pana Shangani, nao ni mmoja katika mitaa mikongwe ya mji ule. Kutoka Banadir mpaka mpaka wa Msumbiji, watu wa lugha moja na desturi moja waliyaita maeneo yao ya ufukweni kwa jina moja. Jina ni shahidi asiyehongeka. Palipo na jina palikuwa na mdomo wa kulitamka. Hata Mtwara yenyewe, mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 19 waliitia katika ramani zao za ghuba ya Mikindani kwa jina la Mto Mtwara. Waliliuliza kwa nani? Kwa nyani?

Tukitoka Shangani tukifuata pwani kuelekea magharibi kiasi cha maili sita au saba, twafika Mikindani, ambao ndio mama wa mji huu, ingawa siku hizi hutajwa kama kitongoji chake. Watafiti wa mambo ya kale waliochimba sehemu za Mikindani katika miaka hii ya karibuni, miongoni mwao Mtanzania Amandus Kwekason na Mmarekani Matthew Pawlowicz, wameonyesha kuwa nchi hii imekaliwa na wakulima na wavuvi tangu karne za mwanzo za Miladi, kabla Uislamu haujadhihiri Makka. Machi 1866 alifika hapa David Livingstone. Alijaribu kwanza kuingia kwa mlango wa Mto Ruvuma, mikoko ikamzuia na wanyama wake, akarudi Mikindani kushusha mizigo na kuanza safari ile ambayo hakurudi nayo. Angeshukia wapi kama hapana mji? Mwaka 1888, watu wa kampuni ya Kijerumani walipotaka kuwatawala watu wa pwani, walifukuzwa Mikindani na Lindi kama walivyofukuzwa kwingine. Walirudi na mizinga, na mwaka 1895 wakajenga boma lao juu ya kilima cha Mikindani, ambalo lingali limesimama mpaka leo na wageni hulala humo kwa kulipa. Boma halijengwi kuulinda msitu.

Mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten alichapisha habari alizoandikiwa na kusimuliwa na Waswahili wenyewe. Ndani yake zimo habari za kale za Lindi na za Sudi, bandari ndogo iliyo kaskazini yetu. Wazee wa Sudi walikuwa na akili ya kusema yao yakaandikwa, na leo mtu aliye upande wowote wa dunia aweza kuyasoma. Shangani haikuandikiwa. Si kwa sababu haikuwa na ya kusema, bali hakuna aliyekwenda kuuliza, nasi wenyewe hatukuona haja ya kushika kalamu. Kusoma twajua, khati za nikaha na za deni tumeandika karne kwa karne. Tukaacha jambo hili moja.

Sasa tutazame jinsi utupu huu ulivyotengenezwa kwa sheria, maana haukuja kwa kusahau tu. Mwaka 1923 Waingereza walitoa Sheria ya Ardhi iliyosema kuwa ardhi yote ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma iliyo chini ya Gavana. Mwenyeji akawa ni mkaaji kwa idhini, katika shamba alilolima baba yake. Alipotakiwa kuondoka alihesabiwa miti na nyumba, akalipwa hiyo; ardhi yenyewe haikuhesabiwa kuwa na thamani. Mnazi una bei, mbuyu wa babu hauna, na mchanga ulio chini yake hauna. Na tusidhani ubaya huu ulikwisha na mkoloni. Sheria yetu wenyewe ya kutwaa ardhi ya mwaka 1967 iliendelea na hesabu hiyo hiyo, ya kulipa kilichoendelezwa na kuiacha ardhi yenyewe, mpaka ilipokuja Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliyokubali kuwa haki ya mtu katika ardhi ina thamani na yapasa kulipwa. Miaka zaidi ya sabini ilipita katika hali hiyo. Katika miaka hiyo ndipo Shangani ilipopimwa.

Ilipimwa vipi? Kama ilivyokuwa desturi ya wakoloni katika miji yote ya Tanganyika: uzunguni, uhindini na uswahilini. Uzunguni ni penye upepo wa bahari, nyumba moja katika kiwanja ambacho kwingine kingetosha ukoo mzima. Uhindini ni penye maduka, katikati. Uswahilini ni bara, nyuma, Majengo na Chikongola na Magomeni, nyumba zimebanana, upepo wa bahari wafika ukiwa umekwisha choka. Baina yao pakaachwa nafasi pana, nasi tukafundishwa kuzisifu nafasi hizo kuwa ni mpango mzuri wa mji. Mpango ni mzuri kwa aliye upande wa upepo. Watu waliozaliwa kwa bahari wakawa wanaitembelea bahari kama wageni.

Baada ya uhuru mwaka 1961 Wazungu walitoka katika nyumba zile, wakaingia wakubwa wa serikali. Mwaka 1971, Aprili, serikali ilitaifisha majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwaka huo huo Mkoa wa Mtwara ukagawanywa, Lindi ikawa mkoa wake. Wakaja Wafini katika miaka ya 1970 na mradi wa maji. Wema wao twaukumbuka, mabomba yao baadhi yangali yanatoa maji, nao pia walikaa upande wa bahari. Wakaja watu wa gesi. Gesi ya Mnazi Bay, huko Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini, na katika mwongo wa kwanza wa karne hii ikaanza kutoa umeme wa mikoa hii ya kusini. Hapo ndipo kiwanja cha Shangani kilipoanza kutajwa kwa bei ambayo mvuvi hawezi hata kuihesabu. Kodi zikapanda, mageti yakapanda. Desemba 2012 watu waliandamana kulipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na Mei 2013 mji ukaingia katika fujo, nyumba zikachomwa na roho za watu zikapotea, jambo ambalo hatuliungi mkono wala hatulipambi, maana mali ya mtu na damu ya mtu ni haramu. Bomba likajengwa, likafunguliwa Oktoba 2015, na makampuni mengi yakafunga virago. Mageti yamebaki.

Twaomba msomaji azingatie habari hizi kwa pamoja. Karanga, kisha reli, kisha gesi. Kila mara hutoka mtu mbali akisema kuwa mji waanza leo, na kila mara huondoka, na waliokuwapo kabla yake hubaki. Huko Msimbati alikuwako Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyejijengea nyumba ufukweni, na katika miaka ya mwisho ya ukoloni akajitangazia kuwa Msimbati ni nchi huru iliyo mbali na Tanganyika. Watu wengi husimulia kisa hiki kwa kucheka. Sisi twacheka pia, lakini twauliza: aliwezaje mtu mmoja kufikiri kuwa rasi nzima yenye wavuvi na misikiti na minazi ni yake kuitangazia bendera? Aliweza kwa sababu hakuwaona waliomo. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na yeye aliuugua hadharani tu.

Sasa tumalizane na wageni, tuje nyumbani. Hapa ndipo penye uchungu, na wako watakaotukasirikia.

Enyi wazee wetu na jamaa zetu wa pwani! Nani aliyempa Mzungu hoja ya kwamba sisi sote ni wa kuja? Tumempa sisi. Kila jumba lenye heshima limejitafutia babu aliyeshuka chomboni: huyu Mshirazi, huyu wa Hadhramaut, huyu wa Barawa. Hatukatai kuwa watu walikuja kwa bahari, walikuja, na wakaoa, na wakafa hapa. Lakini walimwoa nani? Nyanya zetu walikuwa Wamakonde, Wamaraba, Wamakua, Wayao, Wamwera, watu wa nchi hii na wa ng'ambo ya Ruvuma. Tukiwaficha nyanya tukawatangaza mababu wa chomboni, Mzungu ana haki ya kutujibu: "Basi nanyi mmekuja kama mimi, tofauti yetu ni miaka." Aliyemkana mama yake asishangae akinyimwa nyumba ya mama yake.

Na yako mazito zaidi. Mikindani ilikuwa bandari ya pembe, ya mpira, ya sandarusi na ya ufuta. Ilikuwa pia bandari ya watu. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilishuka pwani hii na wanadamu shingoni mwao mna makongwa. Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini Juni 1873, nayo ikaendelea kwa magendo. Na hali yenyewe ya utumwa haikufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Waliokuwamo katika biashara hiyo si Wazungu peke yao wala wageni peke yao. Wamo wa majina tunayoyasoma kwa fahari katika khitima. Hatuwezi kudai historia yetu tukachukua minara tukaacha minyororo.

Waliobaki hapa katika wale walioletwa walisilimu, wakalima, wakavua, wakajenga nyumba za mawe ambazo sisi twajisifia, wakafa na kuzikwa kwa kuelekezwa Kibla kama watu wote. Wajukuu zao wako Shangani, wako Mikindani, wako Majengo, ni jirani zetu na maimamu wetu. Na bado, katika zama hizi, yako majumba ambayo posa ikija bibi huuliza kwa sauti ya chini: "Asili yake wapi?" naye haulizi Swala yake wala tabia yake. Mtume wetu (S.A.W.) alimfanya Bilal, aliyekuwa mtumwa, kuwa mwadhini wake, na katika Hija ya kuaga akabainisha mbele ya umma kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu ila kwa uchamungu. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat yabainisha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana huko ndiko tunakokutaka katika hesabu ya wakazi wa Shangani: kila mtu atajwe, na alikotoka patajwe, bila ya kupewa cheo kwa hilo wala kuvuliwa.

Hata huo mpaka wa Ruvuma tunaoushika kama kwamba uliteremshwa kutoka mbinguni, waliuchora Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Mwaka uliofuata Wareno waliitwaa Tungi iliyokuwa chini ya Zanzibar. Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikarudishwa kwa Wareno mwaka 1916, na katika kubadilishana huko hakuna mtu wa Kionga aliyeulizwa. Waliovuka mto wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964, walikuja kwa shangazi zao na wajomba zao. Na Machi 2021 Palma iliposhambuliwa na watu wakakimbia na watoto migongoni, walikuwa wanaikimbilia lugha wanayoielewa. Kuwaita wageni kwa ulimi mmoja, na kwa ulimi wa pili kumwita mwenye shirika la nje mwenyeji kwa kuwa ana hati ya kiwanja, ni mizani iliyopinda.

Sensa ya mwaka 2002 iliihesabu manispaa ya Mtwara-Mikindani kuwa na watu 92,602. Ile ya 2012 ikapata 108,299, na ya 2022 ikavuka 146,000. Zaidi ya watu elfu hamsini wameongezeka katika miaka ishirini. Wengi ni vijana, na wengi wamekuja kutoka uwanda wa Makonde na mikoa mingine kutafuta riziki, nao wana haki ya kuja kama walivyokuwa nayo waliowatangulia. Lakini ardhi ya pwani haikuongezeka hata shubiri. Ndiyo maana twasema jambo hili si la kusimuliana barazani tu.

Nani anayeuza? Hapa pia tusimtafute Mzungu. Shamba la minazi la marehemu lina warithi saba. Kaka mkubwa ana karatasi. Anatokea mnunuzi mwenye gari. Asubuhi moja shamba limekwenda. Dada walioolewa Lindi na Kilwa hupata habari kwenye msiba mwingine, mwaka wa pili. Mwenyezi Mungu ameyagawa mafungu haya mwenyewe katika Suratun Nisaa, hakumwachia kaka mkubwa. Na Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa atakayedhulumu ardhi kiasi cha shubiri atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka katika ardhi saba. Watu huyasikia haya katika hotuba ya Ijumaa, wakatoka, wakaenda kutia sahihi. Kisha huyo huyo, akiona ukuta umejengwa, hulalamika kuwa watu wa bara wametumaliza. Ukuta huo matofali yake ya kwanza ameyaweka nani?

Na ukuta ndio jambo la mwisho tunalotaka kulisema, nalo lawahusu akina mama kuliko wengine. Wakati wa bamvua maji hutoka mbali sana kabla ya adhuhuri, na mwamba wote hubaki wazi. Huo ni wakati wa akina mama na mabinti kushuka na vikapu na vyuma vyao, kuchokoa pweza, kuokota chaza na kome, na wengine kutanda nguo wapate dagaa na uduvi. Hiyo ni kitoweo cha nyumba isiyo na mume, ni daftari la mtoto wa shule. Hawana boti wala nyavu wala leseni ya kitu. Wana njia tu: kijia chembamba kati ya kiwanja na kiwanja, kilichokanyagwa tangu nyanya. Njia hiyo ikizibwa kwa ukuta au kwa mlinzi na mbwa, yabidi wazunguke nusu saa, na maji hayamngojei mtu.

Watu wa Dar es Salaam yaliwafika mapema. Msasani ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Uliza leo mvuvi wa Msasani anashukia wapi baharini, na ni ukuta upi haujaota baina yake na maji. Kunduchi pana msikiti wa kale ulioporomoka, na makaburi ya nguzo yaliyokuwa yamepambwa kwa vyombo vya Kichina, nayo yamezingirwa na mahoteli na nyumba za wenye nacho. Yaliyohifadhiwa pale yalihifadhiwa kwa sababu yalikuwa mazuri machoni mwa wataalamu. Makaburi yetu ya Shangani na Msangamkuu hayana sahani za Kichina. Yana mawe mawili, la kichwani na la miguuni, na mche wa mlangilangi ikiwa alibaki mtu wa kuupanda.

Kwa bahati njema sheria haiko upande wa ukuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Mita 60 ni hatua kama themanini za mtu mzima. Na Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 imeweka utaratibu wa kufuatwa kabla kaburi halijaguswa, pamoja na kuwaarifu wenye maiti wao. Anayefukua usiku kwa jembe avunja sheria ya nchi, mbali na ile ya dini.

Lakini sheria humsaidia aliye na cha kuonyesha. Basi kila nyumba ichukue daftari la shule. Waulizwe mabibi kabla hawajaondoka: kisima kilikuwa wapi, kilichimbwa na nani, vyombo vilipandishwa wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, nani aliondolewa gati lilipojengwa, akalipwa minazi mingapi, akahamia wapi, nani alikuja kutoka Newala, nani kutoka Tungi, nani kutoka Nyasa, na alikuja kwa hiari au kwa kamba. Waandikwe wote. Yapelekwe nakala kwa imamu na nakala kwa ofisi ya mtaa, ipigwe muhuri wa siku iliyopokelewa. Njia za kushukia pwani zipimwe kwa kamba na ziandikwe zinaanzia nyumba ya nani. Na kiwanja kinapouzwa kikiwa na mawe mawili yaliyosimama, mwandishi wa mkataba asiandike "mawe". Aandike "kaburi", na jina la aliyelala humo likijulikana aliandike pia.